Tangu Lini Ng'ombe Akazikwa?

Siku yangu ya kwanza kazini niliitwa daktari kabla sijatua sanduku. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi pale Bariadi, vumbi mpaka kwenye kope, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, njia ya kwenda ofisi ya mifugo. Akaziona buti zangu mpya za mpira, nilizokuwa nimezining'iniza begani kwa kamba, akawapigia kelele wenzake: "Jamani, daktari wa ng'ombe kaja! Kumbe ni binti!" Nikataka kumweleza kwamba mimi si daktari, mimi nina cheti tu cha chuo cha mifugo, daktari ni mtu aliyesoma chuo kikuu. Lakini mama wa watu alishabeba sanduku langu, yuko mbele, anawatangazia hata wasiouliza. Nikamfuata huku tumbo likinisokota.

Tumbo hilo, wanangu, nilikaa nalo kazini maisha yangu yote. Ninyi siku hizi mna semina zake na majina yake ya kitaalamu. Sisi tulisema fulani ana woga, akachemshiwa tangawizi, basi.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya. Huyo alikuwa daktari kwelikweli, mwenye digrii. Mtu mfupi, sauti ya kukwaruza, asiyependa maneno mengi. Nikaona bora nimalize jambo langu palepale mezani.

"Mzee, watu wananiita daktari."

"Waache."

"Lakini mimi si daktari."

Akainua macho. "Wewe ukiumwa ukaenda zahanati, unamwuliza nesi alipata daraja gani? Unataka upone. Haya, ile darubini kule imejaa vumbi, kaifute."

Nikaifuta. Niliifuta mpaka akaja kuninyang'anya kitambaa.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe ilivyokuwa. Ugonjwa uliotusumbua zaidi ulikuwa ndigana kali, homa ya kupe inayovimbisha tezi za chini ya sikio na za begani. Ukishuku, unachoma sindano kwenye tezi, unavuta majimaji, unayapaka kwenye kipande cha kioo, unatia rangi, halafu unatazama kwenye darubini kama wale vijidudu wamo. Wenzangu walitazama, wakasema "wamo" au "hawamo", wakaenda kunywa chai. Mimi nilitazama, nikaona wamo, nikasema moyoni, je kama ni uchafu wa rangi? Napaka kioo kingine. Nafungua kitabu cha chuo. Natazama tena. Siku moja nilikuwa bado nimeinama kwenye darubini, mwenye ndama akachungulia dirishani akasema kwa upole kabisa, "Daktari, usihangaike tena. Amekwisha kufa."

Mkuu wangu hakunifokea. Alisimama mlangoni akasema, "Binti, ng'ombe hasubiri umalize mtihani wako." Ingekuwa nafuu angenifokea.

Na jambo jingine lazima mlijue mapema, maana ndilo lililotaka kuniua. Mimi ni mtu wa Muheza, kule Tanga. Kiswahili chetu ni cha kuzunguka mbuyu: mtu hakwambii hapana, anakwambia "tutaona, inshallah". Nami kwa woga wangu nikazidisha. Ukiniuliza chochote jibu langu lilikuwa "inawezekana". Mbuzi huyu ana mimba? Inawezekana. Mvua itanyesha? Inawezekana. Huku Usukumani nako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ofisini. Nyumbani watu wanasema Kisukuma, na Kiswahili wanakichukua kilivyo, neno moja kazi moja. Hilo sikulijua bado.

Ikaja soko huria. Zamani dawa ya josho ilikuwa ikiletwa na serikali. Josho, kwa asiyelijua, ni handaki la saruji lenye maji ya dawa, ng'ombe wanaogeleshwa humo kupe wafe. Basi dawa ikakoma kuja. Tukaambiwa mfugaji ajinunulie mwenyewe, huduma ichangiwe, na sisi watumishi tujiandae kwa sababu serikali inapunguza watu. Majosho yakakauka, mbuzi wakawa wanalala ndani yake kukimbia jua. Kila minong'ono ya kupunguzwa ilipopita ofisini, mimi nilijua jina la kwanza ni langu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kila asubuhi, nikipiga mswaki.

Badala ya kupunguzwa, nikahamishiwa Mwandoya, wilaya ya Meatu, peke yangu. Sina darubini wala mkuu wa kumwuliza. Nina baiskeli, sanduku la sindano na vipande vyangu vya vioo vya kupakia damu, ambavyo nikipaka ilibidi nivitume kwa basi maabara ya kanda nikasubiri jibu. Jibu lilikuja baada ya majuma, kama lilikuja.

Pale senta palikuwa na duka jipya la dawa za mifugo, na mwenye duka alikuwa bwana mmoja mcheshi, mwenye kofia ya pama, ambaye hakuwahi kusoma chuo chochote cha mifugo. Lakini, ndugu zangu, alikuwa na uhakika! Ng'ombe akikohoa, anajua. Akichechemea, anajua. "Mlete nimchome antibayotiki, kesho analima." Watu walimpenda, na siwalaumu. Mtu akishatoa hela yake mfukoni hataki kusikia labda. Mimi niliyesoma nilikuwa nikisema inawezekana, yeye asiyesoma anasema ndiyo, wewe ungemfuata nani? Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Basi mvua za kwanza zikanyesha, watu wakafunga plau. Asubuhi moja akaja mbio kwa baiskeli binti wa Mzee Jilala, jina lake Kabula, akasema baba ananiita, maksai wake ameanguka akafa ghafla. Maksai ni dume aliyehasiwa, wa kulimia. Mzee Jilala alikuwa na maksai wawili walioshikana kazi kama ndugu, na kufiwa na mmoja mwanzo wa msimu ni msiba. Njiani Kabula akaniambia na mengine: siku hiyohiyo nyumbani kwao kulikuwa na wageni waliotoka Malampaka, upande wa mwanamume aliyekuwa anataka kumwoa yeye, wamekuja kumaliza mazungumzo ya mahari. Nyumba imejaa.

Nikafika. "Mwangaluka," nikaamkia. Wakaitikia wote, wazee wa Malampaka wamekaa kwenye viti vyao, heshima tupu. Ng'ombe alikuwa amelala nyuma ya zizi. Nikamzunguka.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna ugonjwa unaitwa kimeta. Ng'ombe mzima anaanguka anakufa. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma, tumbo linavimba upesi, na miguu haikakamai. Kimeta kinaua na watu, hasa wanaochuna na wanaokula. Na sheria yake ya kwanza ni kwamba usimpasue huyo ng'ombe, maana ukimpasua unamwaga vijidudu ardhini vikae miaka na miaka vikingoja ng'ombe mwingine aje kula majani pale. Nilikuwa naijua sheria hiyo kama sala.

Haya, nikatazama. Puani kuna damu, lakini kidogo, na alianguka kifudifudi, huenda alijigonga. Tumbo limevimba, lakini jua lilishapanda, na mzoga gani hauvimbi juani? Miguu ni laini, lakini amekufa sasa hivi. Halafu kando kuna shamba la mtama mchanga, na mtama mchanga ukiliwa vibaya unaua ng'ombe. Kila nilichokiona kilikuwa na lakini yake.

Bwana wa duka alikuwa ameshafika kabla yangu, kofia yake ya pama kichwani. "Nyoka huyo," akasema, hata hakuinama. "Nimeona wengi. Kateni pale alipoumwa mtupe, kwingine nyama safi."

Mzee Jilala akanigeukia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye adabu sana. Akaniuliza mbele ya wageni wake, "Daktari, tunaweza kula?"

Nami nikafungua mdomo wangu wa Muheza. "Inawezekana," nikaanza, "inawezekana mzee ikawa ni kimeta, ila siwezi kusema kwa uhakika mpaka maabara ithibitishe, kwa hiyo ingekuwa vyema labda tuchukue kwanza sampuli..." Na nikaendelea hivyo, nikizunguka mbuyu, huku najiona nimesema jambo la kitaalamu, la tahadhari, lisilo na kosa. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Wabeja, daktari," akasema. Ahsante. Nikarudi kwenye baiskeli kufungua sanduku nitoe vioo vyangu.

Nimeinama pale, mama mzaa Kabula akanipita na beseni kichwani, uso umechanua. Akaniambia, "Daktari usiondoke. Maini nakuwekea wewe."

Maini gani?

Nikageuka. Vijana walikuwa wamemlaza ng'ombe vizuri, mmoja ananoa kisu kwenye jiwe. Wanawake wamekoka moto. Bwana wa duka anawaelekeza mahali pa kuanzia. Nikasema, "Mnafanya nini?" Mzee Jilala akashangaa kweli, akanijibu, "Si umesema inawezekana?"

Ee Mungu wangu. Waliuliza kama nyama inaweza kuliwa, daktari amejibu inawezekana, neno moja kazi moja, yale mengine yote yalikuwa maneno ya adabu. Nikaona kile kisu kinashuka kwenye ngozi. Nami hata wakati ule, nisimfiche Mungu, kitu ndani yangu kikasema: lakini kama ni nyoka je? Utamwaibisha mzee wa watu mbele ya wakwe zake kwa ajili ya nyoka? Wewe mwenye cheti tu?

Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini neno moja nililijua barabara kwa sababu watoto walikuwa wakilisema siku nzima.

"Yaya!" nikapiga kelele. Hapana! "Yaya! Yaya! Weka kisu chini!"

Nilikuwa nimeshafika pale, sijui nilifikaje, nimesimama katikati ya kijana na ng'ombe. Nikasema kwa sauti nisiyoijua, "Huyu ni kimeta. Hafunguliwi. Haliwi. Anazikwa."

"Anazikwa?" akauliza mzee mmoja wa Malampaka, polepole, kama mtu aliyesikia tusi. "Tangu lini ng'ombe akazikwa? Tulete na sanda?"

Watu wakacheka. Bwana wa duka akacheka kuliko wote, akasema, "Daktari, una uhakika?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa tangu siku ya buti. Na jibu lake nililijua: sina. Nikamtazama Mzee Jilala, si yule bwana, nikamwambia, "Sina uhakika, baba. Lakini msile. Kama nimekosea umepoteza nyama. Kama yeye amekosea utapoteza watu."

Mzee aliwatazama wageni, akamtazama maksai wake, akamtazama binti yake. Halafu akawaambia vijana, kwa uchungu, "Leteni majembe."

Tukachimba shimo kwenda chini mpaka mchimbaji akafichika. Ng'ombe nikamziba pua na nyuma kwa matambara yenye dawa, nikachukua tone la damu sikioni nikapaka kioo, akavutwa akafukiwa. Udongo ulioshika damu tukauchoma kwa miti ya pamba ya msimu uliopita, juu tukapanga mawe na miiba. Wageni wakachinjiwa mbuzi. Walikula wamenuna, wakaondoka na mazungumzo yao hayajaisha. Mama mzaa Kabula hakunitazama usoni.

Sasa mnadhani nilirudi nyumbani kifua mbele? Thubutu! Nilikaa nikihesabu makosa. Nilirudia ile damu ya puani, lile tumbo, ile miguu. Nilipotuma kioo kwa basi nilimwombea dereva kama anabeba mgonjwa. Kila siku nilipita kwa Mzee Jilala kutazama ng'ombe wengine, ambao niliwachanja wote, na kila siku hawakuumwa. Hilo nalo likanitesa. Kama kilikuwa kimeta, chanjo imewaokoa. Kama hakikuwa kimeta, hakuna kilichowaokoa, na mimi nimemfukia mtu maksai wake bure. Watoto wa senta wakaniona kwa mbali wakaimba, "Daktari Yaya! Daktari Yaya!" Jina likanigandia mpaka leo.

Maabara wakajibu. Kioo kilikuwa kimepasuka njiani, hakisomeki. Wanasikitika.

Mkuu wangu kutoka Bariadi, yule wa darubini, alikuwa amepewa kazi ya kukagua vituo, akafika Mwandoya. Nilimweleza yote, nikangoja aniambie niandike barua ya kuacha kazi. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwangu, anakunywa chai.

"Alipasuliwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu aliyemla?"

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

Nikaanza kulia, mtu mzima na buti zangu. "Nataka kujua kama nilikuwa sahihi."

Akaweka kikombe chini. "Kulikuwa na njia moja tu ya kujua," akasema. "Ungewaacha wamle."

Alinidai sukari zaidi, akamaliza chai, akaondoka. Mimi nikabaki na sentensi hiyo, na sijaimaliza mpaka leo.

Nilihamishwa baadaye, nikaenda Nyashimo kukagua nyama machinjioni, kisha nikarudi Bariadi, na safari hii nikawa mimi ninayewapokea vijana wanaoshuka kwenye basi. Soko huria lilishakomaa, maduka ya dawa yamejaa kila senta. Yule bwana wa kofia ya pama aliongeza duka la pili, na hakuwahi kupoteza usingizi hata siku moja. Mimi nilipoteza mwingi. Nimegonga muhuri kwenye nyama Nyashimo, nikarudi kutoka njiani kuitazama tena. Sitawadanganya kwamba woga uliisha. Ila baada ya Mwandoya nilijifunza kuupanga mahali pake. Jibu kwanza, mashaka baadaye. Zamani nilianza na mashaka, nikitumaini jibu litakuja lenyewe nyuma yake. Siku hizo nikawa nasema "msile" kwanza, halafu ndiyo naeleza nisichokijua, na nakieleza chote, bila aibu. Watu hawakuniona mjinga kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa sana kuonwa mjinga, hata nikashangaa.

Vijana mlioniomba niandike haya, mnapiga picha ya ng'ombe kwa simu, mnamtumia mtu aliyeko Dar es Salaam awaambie ni nini. Ni vizuri, tumeni. Lakini itafika siku mtandao hauko, kisu kimeshanolewa, na mzee wa watu anakutazama wewe. Utatamani sana kuwa mtu mwingine. Hutaweza, kwa hiyo sema.

Nilipostaafu, ofisi ilinifanyia tafrija pale uwanjani kwetu Bariadi. Hotuba, kanga, ng'ombe amechomwa na kukaguliwa na mimi mwenyewe, maana sikumwamini mtu. Watu wamepewa sahani, wanangoja sala. Nikaona mzee mmoja mrefu, mkavu, anaingia na fimbo, ameshikwa mkono na mama wa makamo. Nikamtambua Kabula kwanza. Aliolewa, hukohuko Malampaka, msimu uliofuata, na nyuma yake walikuwa wanawe, watu wazima. Mzee Jilala alikuwa ametoka Mwandoya kwa basi, kwa umri ule.

"Mwadila, Daktari Yaya," akaniamkia, na uwanja mzima ukacheka.

Hakukaa. Aliegemea fimbo yake, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mimi sikuja kula. Nimekuja na swali. Wewe sasa umeshaacha kazi ya serikali, hakuna wa kukufukuza. Ulinizikia maksai wangu mbele ya wakwe zangu. Nimechekwa mpaka nimezeeka. Niambie ukweli leo: kilikuwa kimeta?"

Tumbo langu, lile lile la siku ya kwanza, likajisokota. Nilimtazama Kabula, na wale wanawe waliosimama nyuma yake. Ningeweza kumwambia ndiyo, angelala vizuri. Ningeweza kumpa mhadhara.

"Inawezekana, baba," nikasema.

Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka Kabula akamshika asianguke. Akajifuta macho kwa kiganja, akawageukia watu na sahani zao.

"Mmemsikia wenyewe," akasema. "Daktari kasema inawezekana. Kuleni."